Hofu ya Mbwa Mchanga si Uasi

Iko desturi moja ambayo yafaa ikomeshwe katika kambi na nyumba zetu, nayo ni ile ya kumpiga, kumburuta au kumcheka mbwa mchanga pindi anapoonyesha hofu. Mtoto wa mbwa wa miezi miwili akishtushwa na mlio wa pikipiki, huvutwa kwa kamba hadi ubavuni mwa pikipiki hiyo, ati apate kuzoea. Mbwa wa miezi minane aliyekuwa hodari jana, akisita leo mbele ya pipa la taka alilolipita mara nyingi, huchapwa kwa kuwa eti amekuwa mkaidi. Watendao hivyo hudhani kwamba wanamtengeneza mlinzi. Kwa hakika wanamtengeneza mbwa wa kuuma watu.

Maneno haya yanawahusu zaidi ndugu zetu askari wa jeshi na wa polisi. Baadhi yao hukabidhiwa mbwa kazini, na wengine hufuga mbwa nyumbani ili awalindie jamaa zao wakati wao wenyewe wako lindoni. Nasi tutautazama mtaa wa Gitega, yaani Gitega ya hapa Kigali, wilayani Nyarugenge, wala si ule mji wa Burundi wenye jina hilo. Tumeuchagua kwa kuwa mtaa wa namna hiyo ni mtihani mgumu kwa mbwa anayekua. Nyumba zimebanana mteremkoni, vijia ni vyembamba, pikipiki za abiria hupita karibu na vizingiti vya milango, watoto hucheza mbio njiani, na mvua ya masika ikianza hupiga mabati kwa kishindo huku radi ikinguruma juu ya vilima. Mbwa akilelewa vyema hapo, atafaa popote. Akilelewa vibaya hapo, hatakuwa na pa kukimbilia, na mnyama asiye na pa kukimbilia hutumia meno.

Yatupasa kwanza tufahamu hofu hiyo hutoka wapi. Wataalamu wawili wa Kimarekani, John Paul Scott na John Fuller, waliofanya kazi miaka mingi katika maabara ya Bar Harbor, jimboni Maine, walitoa mwaka 1965 kitabu kikubwa juu ya urithi na tabia za mbwa. Walionyesha kwamba mtoto wa mbwa ana majira yake maalumu, tangu wiki ya 3 hadi kiasi cha wiki ya 12, ambapo akili yake iko wazi kuwapokea watu, wanyama wenziwe na mambo ya ulimwengu. Kabla ya hapo, mwaka 1961, watafiti wengine katika maabara hiyo hiyo walikuwa wamewakuza watoto wa mbwa ndani ya uwanja uliozungushiwa ua, wasionane na watu. Waliotolewa mapema na kuchezewa kila siku waliwazoea binadamu bila taabu. Waliokaa humo hadi wiki ya 14 walitoka wakiwa kama wanyama wa mwitu, na kuwazoeza baadaye ikawa kazi ngumu.

Lakini mlango huo ukiwa bado wazi, hofu nayo huwa imekwisha kuingia. Yapata wiki ya 5 mtoto wa mbwa huanza kujihadhari na kitu kigeni, na kutoka wiki ya 8 hadi ya 10 hivi hadhari hiyo huzidi sana. Maumbile yana hekima yake katika jambo hili, kwani mtoto aliyeanza kutembea mbali na mama yake angekuwa windo jepesi kama asingeogopa lolote. Shida ni kwamba wiki ya 8 ndiyo hasa ambapo watu wengi huwachukua watoto wa mbwa kutoka kwa mama zao. Siku ile ile aliyo dhaifu kuliko zote, mtoto huyo hutengwa na ndugu zake, hupakiwa ndani ya gari, na hushushwa mahali asipopajua mbele ya watu asiowajua. Baada ya hayo tunashangaa kumwona akijificha chini ya kitanda.

Hofu ya pili huja mbwa akiwa barobaro, kati ya mwezi wa 6 na wa 14 hivi, na wakufunzi wa mbwa wengi huishuhudia ingawa haina tarehe maalumu. Hii huwahadaa watu zaidi kuliko ile ya kwanza, kwa sababu mbwa huyo ana umbo la mbwa mzima. Tunamwona ana kifua kipana na meno ya kutisha, tukasahau kwamba ndani yake yumo kijana asiyeyaelewa hata mabadiliko ya mwili wake mwenyewe. Chuo Kikuu cha Newcastle, Uingereza, kilitoa utafiti mwaka 2020 juu ya mbwa waliokuwa wakitayarishwa kuwaongoza vipofu. Mbwa hao walipofikia miezi 8 waliipuuza amri ya kuketi zaidi ilipotolewa na mlezi wao kuliko ilipotolewa na mgeni. Kila mzazi mwenye kijana nyumbani anaijua hali hiyo, naye anajua pia kwamba hupita.

Basi kwa nini tusiiache hofu ipite yenyewe? Kwa sababu yale yanayompata mbwa akiwa ndani ya majira hayo huweza kumkaa maisha yake yote. Wahenga walisema kwamba aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na jambo hilo limethibitishwa na sayansi. Mwezi Septemba mwaka 1924 mto Neva ulifurika mjini Leningrad, na maji yakaingia katika mabanda ya mbwa wa mwanasayansi mashuhuri Ivan Pavlov. Mbwa waliokolewa baada ya kukaribia kufa maji. Baadhi yao walipoteza mafunzo waliyokuwa nayo, na mmoja aliyekwisha kupata nafuu alifadhaika tena alipoona maji machache tu yakipenyezwa chini ya mlango wa chumba. Hao walikuwa mbwa wazima. Mtoto wa miezi miwili aliyefungwa kando ya pikipiki inayonguruma mpaka akajikojolea, atajifunza nini juu ya pikipiki?

Wapo watakaosema kwamba huku ni kumdekeza mnyama. Watasema jeshini na polisini hatuna nafasi ya mbwa waoga, na ya kuwa samaki hukunjwa angali mbichi. Methali hiyo ni ya kweli, lakini imesema akunjwe, haikusema avunjwe. Hebu na tujiulize sisi wenyewe jinsi tunavyomfunza kuruta. Hakuna mkufunzi mwenye akili anayempeleka kuruta kwenye uwanja wa shabaha siku ya kwanza na kumfyatulia risasi juu ya kichwa ili apate ujasiri. Huanza na gwaride, akajua kusimama na kusikiliza amri. Huishika bunduki isiyo na risasi, akajifunza kuifungua na kuisafisha. Hupiga shabaha akiwa amelala chini na mkufunzi yuko kando yake. Ushujaa wake hujengwa hatua kwa hatua, kila hatua ikisimama juu ya ile aliyokwisha kuishinda. Likiwa hilo ndilo tunalomfanyia binadamu mwenye kuelezwa jambo kwa maneno, itakuwaje tumnyime mnyama asiyeweza hata kuuliza?

Majeshi ya nchi nyingine yamekwisha kulipima jambo hili. Luteni Kanali Edwin Richardson, aliyeanzisha shule ya mbwa wa vita ya Uingereza huko Shoeburyness mwaka 1917, aliwafunza mbwa kupeleka ujumbe katikati ya mizinga na moshi wa Vita Kuu ya Kwanza. Wengi wa mbwa wake walitoka katika vituo vya mbwa waliopotea. Alikataza ukatili katika mafunzo, akawazoesha milio ya bunduki kidogo kidogo, kwa kuwa aliona kwamba mbwa aliyepigwa hana sababu ya kurudi mbio kwa aliyempiga. Na mwaka 2008 watafiti wa Ubelgiji walichapisha matokeo ya kuwachunguza askari wa jeshi la nchi hiyo pamoja na mbwa wao. Mbwa waliofanya kazi vibaya ndio waliokuwa wakiadhibiwa zaidi, kwa kuvutwa kamba na mengineyo, kuliko wale waliofanya vizuri. Mwenye kudhani kwamba fimbo ndiyo nidhamu na aufikirie ushahidi huo, kwani haukutoka kwa wapenda wanyama wa mijini bali ndani ya kambi za kijeshi.

Kwetu sisi jambo hili lina uzito wake. Polisi ya Rwanda inao mbwa wa kunusa mabomu na dawa za kulevya, na katika Hifadhi ya Akagera wapo mbwa wa kuwafuatia majangili. Ng'ambo ya mpaka, katika Hifadhi ya Virunga, mbwa wa kufuata nyayo wamekuwa wakiwasaidia askari wa wanyama tangu mwaka 2011. Kigali imepokea mikutano mikubwa, kama ule wa viongozi wa Jumuiya ya Madola mwezi Juni 2022, na mashindano ya dunia ya baiskeli mwezi Septemba 2025. Kazi ya mbwa katika shughuli za namna hiyo ni kunusa gari baada ya gari huku ving'ora vikilia na umati ukishangilia. Mbwa ambaye nusu ya akili yake inatafuta njia ya kutoroka hawezi kunusa sawasawa, na askari anayemwamini amelala mlango wazi.

Sasa tuone la kufanya mtaani Gitega. Kanuni ya kwanza ni umbali. Kila mbwa mwenye hofu anao mpaka wake: akiwa mbali nao huweza kukitazama kitu cha kutisha na bado akakusikiliza, na akiuvuka hawezi tena kujifunza lolote. Namna ya kuutambua mpaka huo ni rahisi, kwani chakula ndicho kipimo. Mbwa anayechukua kipande cha nyama mkononi mwako huku akiitazama pikipiki bado yuko nawe, na mbwa mwenye njaa anayekataa nyama amekwisha kuvuka. Rudi nyuma naye hatua 10 au 20, mpaka ale. Kesho sogea hatua moja. Toka naye alfajiri, kabla vijia havijajaa watu na pikipiki, wala usingoje saa ya watu kurudi kutoka kazini. Kila pikipiki ipitapo, mpe nyama; ikiisha kupita, nyama nayo ikome. Baada ya siku kadha ataanza kukutazama usoni kila asikiapo mngurumo, akingoja haki yake. Hapo umeshinda.

Kanuni ya pili ni kumwachia njia ya kuondoka. Usimfunge mahali ambapo kitu kinachomtisha kinamjia naye hana pa kwenda, wala usiwaache wageni wamzunguke na kumshika kichwa. Na achague mwenyewe kumsogelea mtu, kisha asifiwe. Mvua inapopiga mabati, keti naye, mpe chakula chake saa hiyo hiyo, na umwekee pembe yenye giza ambako ataingia na kutoka apendavyo. Wako wanaosema kwamba kumtuliza mbwa mwenye hofu ni kuilipa hofu hiyo mshahara. Hayo si kweli. Hofu si tendo ambalo mbwa hulichagua ili apewe zawadi. Ni hali inayompata, na utulivu wa mlezi wake ni dawa. Lililo baya ni mlezi naye kuanza kuhangaika, kwa maana mbwa husoma mwili wa mtu kabla ya kusikia neno lake.

Kanuni ya tatu yahusu afya. Chanjo za kwanza hutolewa kati ya wiki ya 6 na ya 8 na hurudiwa mpaka wiki ya 16, na ile ya kichaa cha mbwa kwa kawaida hutolewa akifikia miezi 3. Mwenye kungoja chanjo zote ziishe ndipo amtoe mbwa nje atakuta mlango ule tuliousema umekwisha kufungwa. Njia ya kati ipo: mtoto na abebwe mikononi, aonyeshwe soko, barabara na watu, asikie kelele zake, ila asiwekwe chini mahali wapitapo mbwa wasiojulikana. Aidha, mbwa aliyekuwa na furaha akabadilika ghafla na kuwa mwoga na apelekwe kwa daktari wa mifugo kwanza, kwani maumivu ya sikio au ya nyonga huweza kufanana na woga.

Kuhusu milio ya bunduki, askari wengi hufanya haraka isiyo na baraka. Mbwa asipelekwe karibu na uwanja wa shabaha katika wiki zake za hofu. Na aanze kuisikia milio hiyo kwa mbali sana, wakati anakula au kucheza, akiwa pamoja na mbwa mzima aliye mtulivu. Mlio usogezwe kwa muda wa miezi, na siku atakaposhtuka umbali uongezwe bila kuona haya.

Tusisahau kwamba mtaani hofu ina pande mbili. Katika mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi mwaka 1994, mbwa waliobaki bila wenyewe walikula miili ya marehemu, na askari walilazimika kuwapiga risasi, hata miaka iliyofuata mbwa wakawa wachache mno mjini Kigali. Mtu mzima anayevuka upande wa pili wa njia amwonapo mbwa huenda anakumbuka jambo ambalo hawezi kulisimulia. Askari asimcheke, wala asimwambie kwamba mbwa huyu hana neno. Afupishe kamba na kumpisha. Tena katika Gitega, na majirani zake Biryogo na Nyamirambo, wanaishi Waislamu wengi, na kwa wengi wao mate ya mbwa ni najisi, ingawa dini yao imeruhusu mbwa wa kuwinda, wa kuchunga mifugo na wa kulinda shamba. Adabu njema ni kutomwachia mbwa amrambe mtu asiyependa au kuingia ua wa jirani. Adabu hiyo humfaa mbwa pia, kwa kuwa jirani anayeheshimiwa hamrushii jiwe, na jiwe moja katika wiki ya 9 huweza kubomoa kazi ya mwezi mzima.

Watoto nao wafundishwe. Mbwa anayerudi nyuma, aliyebana mkia, anayelamba midomo au kupiga miayo bila usingizi, anaomba nafasi. Akinyimwa nafasi hubweka, na hapo ndipo wengi hufurahi wakisema kwamba sasa amekuwa mkali. Kubweka kwa mbwa mchanga aliyebana mkia hakutoki katika ushujaa. Ni onyo lake la mwisho kabla ya kuuma, na akimpiga mtu kwa ajili ya kubweka, mbwa hujifunza kuuma bila kuonya. Atakayeumwa mara nyingi ni mtoto. Yeyote aliyeumwa aoshe jeraha kwa maji na sabuni kwa dakika 15 na kwenda mara moja kituo cha afya, kwani kichaa cha mbwa kikisha kuonyesha dalili zake karibu hakina dawa.

Wakuu wa vikosi nao wana sehemu yao. Watoto wa mbwa wanaozaliwa kambini wasiachwe bandani hadi wafikie umri wa mafunzo, kwani hapo watakuwa wamepoteza wiki zilizo bora kuliko zote. Jeshi la Marekani, katika kituo chake cha Lackland jimboni Texas, huwakabidhi watoto wa mbwa wake kwa familia za watu ili wakulie kati ya ngazi, magari na watoto, kisha huwarudisha kwa mafunzo. Nasi tunazo familia za askari zenye uwezo wa kufanya hivyo. Mbwa barobaro anayesita asiandikwe kuwa hafai katika mwezi wake mbaya. Na apunguziwe kazi, arudishiwe mazoezi anayoyaweza, apimwe tena baada ya wiki kadha. Yule ambaye amelelewa vyema na bado, akiwa na mwaka mmoja na nusu, hushtuka kwa kila kishindo, yamkini amezaliwa hivyo. Huyo atafutiwe kazi nyingine au nyumba tulivu, wala asizalishwe. Kumpiga hakutambadilisha, na kumtupa mtaani ni kuwakabidhi wananchi hatari tuliyoitengeneza wenyewe.

Ndugu askari, mnayo kazi ya kuwafanya wananchi wasiwe na hofu. Anzeni na yule aliyefungwa kamba mkononi mwenu. Kesho mbwa wako mchanga atakaposimama njiani akitetemeka, usimvute wala usimchape. Simama kati yake na kile anachokiogopa, rudi naye hatua chache, mngoje mpaka ale. Ataikumbuka siku hiyo atakapokuwa mzima, usiku wa doria, wewe ukiwa ndiwe unayehitaji mwenzio asikukimbie.